Doa Nililolifuta

Doa lenyewe lilikuwa dogo. Mstari wa kahawia, mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho, ulichungulia chini ya kifuniko cha shafti juu ya mkia wa helikopta, ukateremka ubavuni kama chozi lililokauka. Nililiona Jumatatu jioni wakati wa kuosha, nikalifuta. Jumanne lilikuwepo tena, nikalifuta. Jumatano nikalifuta, Alhamisi nikalifuta. Ijumaa asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza limechomoza, helikopta ile ilianguka mwisho wa shamba la ngano huku naitazama, mpira wa dawa ungali mkononi mwangu.

Kisa hiki nimekisimulia kwa mdomo mara nyingi, ila sijawahi kukiandika. Nakiandika sasa kwa sababu kila nikisikia watu wakisema helikopta fulani "iliharibika ghafla ikiwa angani", moyo unaniuma. Yetu haikuharibika ghafla. Ilikuwa ikiharibika siku hadi siku, na kila jioni iliniambia.

Wakati huo sikuwa fundi. Nilikuwa mpakiaji, mtu wa chini. Mtu wa chini kwenye kikosi cha kunyunyizia dawa ndiye anayechanganya dawa, anayejaza tangi, anayejaza mafuta, anayetazama upepo, na jioni anaosha chombo. Helikopta inatua juu ya jukwaa lililojengwa mgongoni mwa lori, mapanga yakiendelea kuzunguka juu ya kichwa chako. Unainama, unachomeka mpira, lita 300 hivi zinaingia, unachomoa, unarudi nyuma, unamwonyesha rubani dole gumba, anaondoka. Haipiti dakika moja. Baada ya dakika sita au saba amerudi na tangi tupu. Siku tulivu tulikuwa tunafikisha safari 50 kabla ya adhuhuri, kwa sababu jua likishapanda upepo huamka, na dawa inayopeperushwa na upepo huangukia shamba la jirani, au mtoni, au juu ya watu.

Kunyunyizia dawa kutoka angani ni kazi ya zaidi ya miaka mia. Ilianzia kwenye ndege za kawaida: tarehe 3 Agosti 1921, katika jimbo la Ohio huko Marekani, ndege ya kijeshi ilimwaga unga wa sumu juu ya shamba la miti iliyokuwa ikiliwa na viwavi. Helikopta zilijiunga baadaye. Ile iitwayo Bell 47 ndiyo ya kwanza kupewa cheti cha matumizi ya kiraia, tarehe 8 Machi 1946, na haikuchukua muda ikawa mashambani. Faida yake unaiona mwenyewe ukisimama kando. Haidai uwanja wa kurukia. Tena ikienda polepole, upepo unaosukumwa chini na mapanga huyatikisa majani na kuyapindua, dawa ikafika hata mgongoni mwa jani, mahali ambapo ukungu na wadudu hupenda kujificha.

Hasara yake nayo unaiona, ukijua pa kutazama.

Kwanza ni namna saa zinavyohesabiwa. Helikopta hutunzwa kwa saa za kuruka: kipuri hiki kikaguliwe kila baada ya saa 100, kile kitupwe kikifikisha saa elfu kadhaa. Lakini saa moja ya kubeba abiria na saa moja ya kunyunyizia dawa si saa moja. Yule wa abiria ananyanyuka mara moja, anasafiri kwa utulivu, anatua. Wa dawa, ndani ya saa ileile, ananyanyuka mara nane akiwa na mzigo kamili, anavuta nguvu zote za injini, anageuka kwa kasi kila afikapo mwisho wa shamba, anateremka, anaanza upya. Kila mnyanyuko ni pigo kwa kila gia na kila shafti. Mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alilionyesha jambo hili katika karne ya 19 alipokuwa akichunguza mihimili ya magurudumu ya treni: chuma hakivunjiki kwa sababu ya mzigo mkubwa tu, huvunjika hata kwa mzigo mdogo kikiupokea mara nyingi vya kutosha. Mafundi huita uchovu wa chuma, na neno hilo nalipenda kwa kuwa ni la kweli. Tofauti na mtu, chuma kilichochoka hakipumziki kikapona. Ndiyo maana kwa baadhi ya vipuri watengenezaji hutaka ihesabiwe minyanyuko, si saa peke yake. Mimi nadhani kwenye kazi ya dawa kila kipuri kinachobeba nguvu kingehesabiwa hivyo.

Pili ni mahali helikopta ya dawa inapoishi. Rubani wa abiria akipata hitilafu yuko mita mia kadhaa juu, ana mwendo, ana muda wa kuvuta pumzi. Injini ikizima huteremsha wenzo wa mapanga mara moja, hewa inayopanda kutoka chini inaendelea kuyazungusha mapanga, na helikopta inashuka kama mbegu ya mti inayopepea, hadi karibu na ardhi ambapo anaitumia nguvu iliyobaki kwenye mapanga kutua kwa upole. Wanafunzi wote hufundishwa hilo. Lakini linadai kimo au mwendo, na afadhali vyote viwili. Kwenye kitabu cha kila helikopta kuna mchoro unaoonyesha kimo na mwendo ambavyo, injini ikizima, hakuna ujuzi utakaokuokoa. Rubani wa dawa anaingia na kutoka kwenye eneo hilo asubuhi nzima. Juu ya mimea yuko mita tatu tu, ila ana mwendo. Akifika mwisho wa shamba anapanda kuruka miti au nyaya, mwendo unapungua, anageuka. Hapo kwenye mgeuko, mita 15 au 20 juu, mwendo umekwisha na mzigo bado upo. Ndipo ilipompata Kapteni wetu.

Tulimwita Kapteni tu, yeye akiniita kijana. Alikuwa mtu wa taratibu. Kila alfajiri alizunguka helikopta na tochi, akigusa kila nati kwa kidole, akivuta kila waya wa kufungia, akipiga magoti kutazama tumbo la chombo. Hajawahi kuruka bila kukagua. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu baada ya ajali walikuwepo waliosema alikurupuka. Kapteni alikagua kila asubuhi. Tatizo ni kwamba alikagua helikopta niliyokwisha kuifuta.

Sasa niseme kuhusu kuosha, maana humo ndimo msiba ulimozaliwa. Dawa nyingi za mashambani hula chuma. Zile za ukungu zenye shaba ndani yake ni adui mkubwa wa aluminiamu, na mwili wa helikopta karibu wote ni aluminiamu. Usipoosha, kutu huanza chini ya rangi usipoiona, karibu na riveti, kwenye maungio. Kwa hiyo kuosha ni lazima, na mimi niliosha kwa moyo wangu wote. Tulikuwa na mashine ya maji ya presha kwenye lori. Niliona fahari kuikabidhi helikopta ikimeta kila jioni, na Kapteni alinisifu kwa hilo mbele ya wenzangu.

Juu ya mkia, kutoka kwenye injini hadi nyuma kabisa, inapita shafti ndefu inayozungusha rota ndogo ya mkia, yaani mapanga madogo ya nyuma. Ni ndefu mno kuachwa ielee, hivyo imeshikiliwa na beringi kadhaa zilizopangwa njiani, kila moja na grisi yake na sili zake za mpira. Sili hizo zimetengenezwa kuzuia vumbi na mvua. Hazikutengenezwa kuzuia maji ya presha yanayopigwa kutoka hatua moja. Kitabu cha chombo kilikuwa na maneno yanayokataza kabisa kuelekeza maji ya namna hiyo kwenye beringi, na kilieleza kwamba baada ya kuosha, grisi mpya isukumwe ndani mpaka ile ya zamani itoke. Kitabu kilikuwa kabatini ofisini. Mashine ya presha ilikuwa shambani, mikononi mwangu, na hakuna aliyewahi kunisomea maneno hayo.

Maji na sabuni vilipenya. Grisi ikichanganyika na maji hugeuka nyeupe kama maziwa, inakuwa nyepesi, haishiki tena. Shafti inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, hivyo grisi hiyo nyepesi ikatupwa nje. Beringi iliyobaki kavu ikaanza kushika kutu, kutu ikasagwa ikawa unga, unga ukachanganyika na mafuta kidogo yaliyosalia, na mchanganyiko huo wa kahawia ukatoka chini ya kifuniko ukateremka ubavuni. Hilo ndilo doa langu. Mtu anayejua kusoma angeliona limetokea mahali pamoja tu, sawasawa na beringi ya tatu, na kwamba kila siku rangi yake ilikuwa ikikolea. Alhamisi lilikuwa karibu jeusi. Nakumbuka nilitumia sabuni zaidi.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mimi niliyaficha maradhi ambayo hata hayakuwa yangu, tena kwa kitambaa safi.

Ijumaa ile tulikuwa kwenye safari ya nne. Alipita juu ya ngano kama kawaida, mabomba ya kunyunyizia yakiacha ukungu mweupe nyuma, akafika mwisho, akapanda, akaanza kugeuka. Nikasikia mlipuko mmoja mkavu, kama tawi kubwa linalokatika. Pua ya helikopta ikageuka kulia. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa polepole kiasi kwamba niliona uso wake, au nilidhani nimeuona. Wa pili ulikuwa wa kasi.

Wakati huo sikuelewa nilichokuwa nakiona. Sasa naelewa. Injini inapoyazungusha mapanga makubwa upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili, na rota ya mkia ndiyo inayouzuia. Shafti ilipokatika, rota ile ikakosa nguvu, mwili ukawa huru kuzunguka. Ukiwa na mwendo mzuri, pezi la mkia linaweza kukusaidia kushika njia kama mshale. Kwenye mgeuko hakuna mwendo. Dawa pekee ni kuua nguvu ya injini, kwa sababu nguvu hiyo ndiyo inayokuzungusha. Lakini ukiiua unaanguka, na uko mita 15 juu. Kapteni aliiua. Nilisikia sauti ya injini ikishuka kabla hajamaliza mzunguko wa pili. Baadaye nimekuja kuongea na marubani wengi kuhusu sekunde hiyo, na wote wanakubaliana kwamba ndiyo iliyomwokoa. Angesita kidogo tu, chombo kingeendelea kuongeza kasi ya kuzunguka na kugonga ardhi kikiwa ubavu.

Kilipiga ardhi kikiwa karibu wima. Miguu ya kutulia ikatanuka ikavunjika, panga moja likashuka likakata mkia, chombo kikalala ubavuni. Halafu kimya, isipokuwa injini iliyokuwa ikinyong'onyea. Nilikimbia. Harufu ya mafuta, inayofanana na ya mafuta ya taa, ilikuwa imejaa, na tangi la dawa lilikuwa limepasuka. Kapteni alikuwa ananing'inia kwenye mikanda, kofia yake ngumu imepasuka upande mmoja, dawa ikimchuruzika usoni. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Betri, kijana. Zima betri."

Nikazima. Hakukuwaka moto.

Tulimtoa watu watatu, tukimshika kichwa na mgongo visipinde, tukamlaza chini mbali kidogo. Macho yalikuwa yanamwungua kwa dawa. Lori lilikuwa na tangi la maji safi, na mpira uliokuwa karibu ulikuwa uleule niliotumia kila jioni. Nikaufungua pole, nikamwosha uso, nikamwosha macho, dakika nyingi, bila kumsogeza. Katika yote ya siku ile, hicho ndicho ninachokiona nikifumba macho: mkono wangu na mpira ule, safari hii maji yakitiririka polepole.

Pingili mbili za mgongo wake zilikuwa zimevunjika. Alitembea tena baada ya miezi. Hakurudi kwenye kazi ya dawa.

Wachunguzi walikuja siku iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kusema sijui lolote. Nakiri hivyo kwa kuwa naamini wengi hufanya hivyo, na si kwa ubaya bali kwa woga. Sikujua wakati huo kwamba sheria ya kimataifa inayoongoza uchunguzi wa ajali za ndege, Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, inasema wazi kuwa lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Mama mmoja wa makamo, mchunguzi, alikaa nami kwenye ngazi ya lori. Aliuliza nani huosha chombo. Nikasema mimi. Nilitegemea aulize ninaoshaje. Badala yake aliuliza, "Ulifuta nini?"

Nikamwambia yote. Aliandika kimya, akanishukuru. Wiki kadhaa baadaye tulionyeshwa ile beringi. Gololi zake zilikuwa zimebadilika rangi kuwa buluu kwa joto, kizimba kinachozitenganisha kilikuwa vipande, na badala ya grisi kulikuwa na ganda jeusi lililoungua. Beringi ilikuwa imekwama kabisa. Shafti ikaendelea kuzunguka ndani yake ikijisaga, ikapata moto, ikalainika, ikakatika. Kwenye njia ya gololi iliyoshika kutu ungeweza kuona alama za maji.

Tangu hapo nimesoma ripoti za ajali kama wengine wasomavyo magazeti. Tarehe 27 Oktoba 2018 mjini Leicester, Uingereza, helikopta ya AW169 iliruka kutoka kwenye uwanja wa mpira, ikapoteza udhibiti wa mkia, na watu wote watano waliokuwemo wakafa. Chanzo kilikuwa beringi iliyokwama kwenye mfumo wa kuongoza rota ya mkia. Chombo kipya, cha kisasa, kisichofanana kwa lolote na kile chetu cha shambani, na bado ni beringi. Niliisoma usiku, nikakosa usingizi.

Naomba hata hivyo nisieleweke vibaya. Zipo hitilafu zisizoacha doa. Tarehe 29 Aprili 2016 karibu na Turøy, Norwei, helikopta aina ya H225 ilipoteza rota yake kuu yote ikiwa angani, watu 13 wakafa. Ufa ulikuwa umekua ndani ya gia moja, chini ya uso wa chuma, na vifaa vya sumaku vilivyowekwa kunasa chenga za chuma havikutoa onyo. Mafundi wale hawakuwa na cha kusoma. Ninapokumbuka ajali ile ndipo yetu inaponiuma zaidi, kwa sababu sisi tulikuwa nacho.

Na nikisema sisi, simaanishi mimi peke yangu. Ilikuwa kilele cha msimu. Ugonjwa wa ngano haungoji. Siku nne za kuchelewa zinaweza kumaliza shamba. Tulikuwa tunalala kwa saa nne tu kila usiku. Fundi mwenye leseni alikuwa akija kwenye ukaguzi wa saa 100, na kati ya ukaguzi na ukaguzi chombo kilikuwa cha rubani aliyechoka na kijana mwenye kitambaa. Aliyepanga kazi hivyo hakuwa na nia mbaya. Lakini kumpa mtu mashine ya presha bila kumpa kurasa mbili za kitabu ni uamuzi, hata kama hakuna aliyeketi akaamua.

Nilisomea ufundi baada ya hapo. Miaka imepita, na sasa nina leseni na watu wa chini wangu mwenyewe. Hawashiki maji kabla ya kuzunguka chombo kikiwa na uchafu wake. Tunaangalia grisi imerukia wapi, kwa kuwa grisi inayotupwa na kitu kinachozunguka huchora mstari, na mstari huo unakuelekeza kwenye chanzo. Tunaangalia riveti yenye mkia mweusi nyuma yake, ishara kwamba imelegea na inasagika. Tunapiga picha kwa simu. Kisha tunaosha, maji ya mpira wa kawaida kwenye beringi zote, na grisi inasukumwa usiku uleule, si kesho.

Kapteni anafundisha marubani wapya, darasani zaidi kuliko angani. Tunaongea kwenye simu mara moja moja, na siku hizi ananiita fundi. Mwezi uliopita alitumwa kwetu rubani kijana, msimu wake wa kwanza wa dawa. Alfajiri ya siku ya kwanza alikuja na tochi yake, akanisalimia kwa adabu, na kabla hajagusa chombo akaniuliza, "Fundi, jana jioni mlifuta nini?"

Hakujua swali hilo lilikotoka. Sikumweleza, muda haukuwepo, upepo ulikuwa bado umelala.

"Tope kwenye miguu ya kutulia," nikamwambia. "Dawa iliyokauka kwenye mabomba, upande wa kushoto zaidi. Na kuna tone la mafuta chini ya giaboksi ya mkia ambalo hatujalifuta. Njoo na tochi tulitazame."